Migongo Minne

Miaka thelathini na tisa nimekaa nyuma ya ngoma.
Usiniulize sura zao. Niulize migongo.

Wa kwanza, Stellan, alikuwa na mgongo wa mnoa visu:
bega la kulia chini, la kushoto juu,
kwa kuinamia jiwe la kunolea kiwandani Eskilstuna
tangu ana miaka kumi na sita.
Jasho lilimchora ramani kwenye fulana
nami nikajifunza kuisoma: likifika kiunoni
ni wimbo wa saba, punguza kasi, pumzi inakata.
Järnnatt tulijiita, Usiku wa Chuma.
Tulikuwa wanne na gari la mikate
tulilolinunua kwa mwokaji aliyefilisika;
hadi leo magitaa yetu yananukia iliki.

Aliondoka Jumanne. Hakugombana na mtu.
Alisema mtoto yu njiani, kiwandani wamempa zamu ya mchana,
akaiweka maikrofoni juu ya meza ya jikoni kwangu
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Wa pili, Tord. Mgongo wa paka.
Sauti yake ilipanda hadi mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia.
Ndiye aliyetufikisha Hamburg, ndiye aliyetufikisha Osaka,
ndiye aliyelala hotelini na viatu miguuni,
chupa kifuani kama mtoto mchanga.
Siku koo lilipopasuka, huko Lyon,
mimi nilisikia kabla yake.
Kabla ya neno kuna pumzi,
na pumzi ile ilikuja na mchanga.
Alimalizia wimbo kwa kunyoosha mikono tu.
Watu wakadhani ni mbwembwe.

Wa tatu sitamsema sana.
Veikko, Mfini, mwungwana, mwepesi wa kushukuru.
Kosa lake moja: hakuwa Tord.
Kila mji walimwita kwa jina la mwenziwe
naye aliinua mkono, akaitikia.
Miezi kumi na minne ya kuitikia jina la mtu mwingine.
Mimi nisingeweza.

Kisha Jannike, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyekuja kujaribiwa na sare ya hospitali,
kalamu tatu mfukoni.
Mgongo wake haukutulia; ulikuwa ukisikiliza.
Barua zikaja: mwanamke? Bendi imekufa, izikeni.
Hasse, mpiga gitaa wetu, alimjibu mmoja tu:
*Huu ni mji wa visu. Mpini ukioza tunaubadilisha.
Kata mkate, uone kama si kisu kilekile.*
Nilicheka aliponisomea. Lakini sina hakika.
Kuna usiku niliamini,
na kuna usiku nilijiona kama tunapokea barua za marehemu
na kuzijibu kwa mwandiko wake.

Hasse naye ameshakwenda. Besi anapiga mpwa wake.
Wa mwanzo nimebaki peke yangu, tena na goti la bandia.

Novemba iliyopita, usiku wa kumkumbuka,
tulimwomba Stellan wimbo mmoja.
Alikuja na miwani ya kusomea ikining'inia shingoni,
bega la kulia bado chini.
Ubeti wa kwanza aliuimba kama apandaye ngazi gizani.
Wa pili, akasimama.
Akageuka.

Miaka thelathini na tisa, na ndiyo mara ya kwanza
mwimbaji kunitazama wimbo ukiendelea.
Uso wa mzee, umelowa, mdomo wazi bila neno.
Na mimi ambaye sijawahi kupewa maikrofoni,
niliyeyajua maneno ya wote wanne,
nilimtamkia kwa midomo, bila sauti,
mikono ikiendelea na kazi yake:
*theluji.*

Akalichukua. Akawageukia watu.

Pembeni mwa jukwaa Jannike alikuwa akipenga kamasi na kucheka.
Bega la kulia chini, la kushoto juu.
Jasho lilikuwa bado halijafika kiunoni.
Nikaongeza kasi kidogo.